Moto Chini ya Kitanda

Guildford, Sydney
20 Julai 2025
Mwaka wa sita tangu niondoke Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai magoti yametulia na unapata usingizi. Sisi wazima, ila mgongo wangu umechoka na kupakua makontena kazini Fairfield, na baridi ya huku inaingia hadi kwenye mto. Mjukuu wako na somo yako, Mwanasha, ananyonya na kucheka usingizini. Barua hii anakuletea Mselem, anayesafiri kuja huko, kwa sababu kwenye simu maneno yalinishinda.

Ghaliya alipotoka hospitali kujifungua ulinikumbusha nimwekee mzazi moto chini ya kitanda. Niliuweka. Niliwasha mkaa nyuma ya nyumba hadi ukawa mwekundu bila moshi, nikauingiza chumbani. Kwa kuogopa baridi nikafunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa taulo. Ilikuwa Jumapili mchana. Joto likatukumbatia, tukalala wote watatu.

Usingizi ule ulikuwa mtamu, mama. Nilikuona uani unachekecha unga, jua limekukalia mabegani. Kichwa kiliniuma kwa mbali, kama kichwa cha mtu mwingine. Ukaniita, nikaitika labeka.

Aliyetuamsha ni Gloriose, jirani yetu Mrundi, aliyeleta uji wa mzazi. Alibisha, akaona kimya, akaingia. Alimtoa mtoto kwanza, akarudi kutuburuta sisi. Tunatapika kwenye majani, yeye ananisema: baba Mwanasha, mtoto si mkate, mbona unamwoka? Ghaliya akacheka huku analia. Hospitali walitupa hewa safi, wote tukapona. Walisema hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, inaua waliolala. Usijilaumu. Nyumba yetu ya Tanga inapumua kila upande. Hii niliiziba pumzi mwenyewe. Sasa tuna hita ya umeme, iko mbali na pazia, na tunaizima kabla ya kulala. Mkaa hauingii tena ndani.

Kuna jambo hata Ghaliya sijamwambia. Katika ndoto ile ulinyoosha mikono umpokee mjukuu wako, nami nilikuwa nakupa. Vidole vyako vilikuwa vimeshagusa kanga yake. Tangu siku hiyo nikifumba macho naogopa kukuona, na hakuna ninayetamani kumwona kama wewe.

Nisalimie shangazi na majirani. Kanga hiyo nitakuletea na mwenyewe ndani yake, Desemba ya mwakani, inshallah. Utampokea mchana, sote tukiwa macho.

Mwanao,
Mudrik