Mabati ya Zizi na Moyo wa Saikal

Alhamisi, 5 Septemba 2024

Hatukumwona daktari! Kila Alhamisi yule wa moyo, aliyeko mjini Bishkek, huwaona wagonjwa wetu kwenye runinga ya zahanati, kupitia dishi la setilaiti. Leo ilikuwa zamu ya Saikal wangu. Miezi saba, akinyonya midomo inageuka bluu. Nesi Gulbara akawasha — chengachenga tupu. Akazima, akawasha. Chengachenga. Rudi Alhamisi ijayo, akasema. Theluji ikifunga njia ya mlimani, hata tukiambiwa apasuliwe, tutampitisha wapi?

Ijumaa, 6

Mama mkwe anasema dishi limepigwa jicho. Kaenda kulifukiza moshi wa majani ya mti wa mreteni, kama anavyomfukiza Saikal. Gulbara akamfokea, "Mama, utaniunguzia waya!" Naye, "Hizo waya zako jana zilifanya nini?" Nikacheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 9

Fundi Azat kaja na pikipiki. Kanusa dishi. "Nani kachoma mishikaki hapa?" Mimi nikainama. Kisha akanyooshea kidole mnara mpya wa mgodi wa dhahabu, ng'ambo ya mto. Simu zetu haziushiki mnara ule, ni wa wafanyakazi wao tu. Anasema mnara na setilaiti vimegawiwa mawimbi yaleyale, viyatumie pamoja, mradi mnara usielekee zahanati. Umeelekea! Setilaiti iko mbali mno, inanong'ona. Mnara unapiga kelele sikioni mwa dishi.

Nikauliza, si wauzime nusu saa tu? Barua imeshakwenda kwa wenye mgodi, dada, akasema. Jibu wiki tatu.

Wiki tatu!

Jumanne, 10

Kutwa sikai. Nambembeleza Saikal, nainuka, nautazama mnara, narudi. Mwisho nikampigia Azat kwa simu ya mezani ya Gulbara, pale zahanati. Kama ni sikio linapigiwa kelele — haliwezi kuzibwa upande mmoja? Linaweza, akasema. Ukuta wa mabati, kati ya dishi na mnara, mrefu kuliko dishi.

Nani atatoa mabati, na baridi ndiyo hiyo inakuja?

Jumatano, 11

Narudi na ndoo ya maziwa — zizi halina paa! Mama mkwe yuko juu ya ngazi, misumari mdomoni. Mama, kondoo watalala wapi?

"Kondoo wana manyoya. Shika hapa."

Alhamisi, 12

Upepo. Ukuta wetu unatikisika, picha inakatika. Mama mkwe akaenda kuuegemea kwa mgongo. Picha ikatulia! Daktari akapaza sauti, hapo hapo, msiguse kitu! Gulbara akapitisha kile kifaa cha kupiga picha ya moyo kifuani kwa Saikal, na moyo wake ukaonekana, kwetu na kule kwake. Mdogo hivyo. Daktari akatazama. Akatazama tena. Akaniambia nisubiri, anamwita mwenzake.

Kiti chake kitupu kwenye runinga. Naandika huku nikimsubiri. Saikal anaivuta kalamu.

Mama mkwe kapiga kelele kutoka kule nje ukutani, wameshamaliza? Bado, mama. Pumzika kidogo.

"Bado? Basi sibanduki."

Mlango wa kule umefunguka. Wameingia madaktari watatu, wanavuta viti, picha bado imetulia — naiweka kalamu.