Kidaraja cha Mfupa

Jumapili, 14 Septemba

Aibu! Jana harusini Masasi gitaa la besi lilinikoromea mbele ya watu. Kila nikipiga waya mnene bila kuubonyeza — krrrr, kama mzee mwenye pumu. Alphonce, kiongozi wetu wa bendi, akashika maiki: mtusamehe jamani, mpigaji wetu kapooza, katuletea mke! Ukumbi ukacheka. Bibi harusi naye. Nikapiga hadi mwisho.

Leo nimerudi Newala nikamsimulia mume wangu Silvano. Kacheka mpaka mate yakamtoka upande ule usiofanya kazi. Nikamfuta. Akaendelea kucheka.

Jumanne, 16 Septemba

Nimelichunguza gitaa. Waya nikiubonyeza kwenye chuma cha kwanza cha shingo, safi kabisa. Nikiuachia — krrrr. Kwa hiyo si vidole vyangu! Kasoro iko juu, kwenye kile kidaraja cha plastiki mwisho wa shingo, nyuzi zinapokalia kabla ya kufika kwenye funguo za kuzikazia. Mfereji wa waya mnene umelika. Waya unacheza humo na kugonga chuma.

Silvano anajua dawa. Gitaa ni lake, kalipiga miaka yote kabla ya kiharusi. Nikamwuliza kwa adabu, Baba Stella, hiki kinatengenezwaje? Akatazama dari. Nikauliza tena huku namlisha uji. Akajibu, maneno yakiburuzika: mkono umeuchukua, sasa unataka na kichwa?

Kijiko cha mwisho nilimpa cha moto. Nilijua ni cha moto.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekunja karatasi ya pakiti ya sigara nikaiweka chini ya waya. Kukoroma kumepungua, lakini sauti imekufa. Mazoezini Alphonce akaiona. Mama Stella, besi nayo inavaa nepi kama mumeo? Wenzangu waliinamisha vichwa. Mabega yao yalikuwa yanacheka.

Jumamosi, 20 Septemba

Shamsia muuza supu kaniuzia mfupa wa mguu wa ng'ombe, wa kuchongea kidaraja kipya. Gitaa linakula mifupa siku hizi? akauliza. Nikamwambia linakula. Nimeuchemsha, nimeukwangua mafuta, nimeuanika. Halafu msumeno, halafu msasa. Vumbi lake lanuka kama jino linalotobolewa.

Kidaraja cha kwanza nimekiharibu. Tupa ilizama, mfereji ukawa na kina kuliko ule wa zamani. Nikakitupa kwenye ndoo. Silvano akasikia kikianguka. Bado, akasema. Neno hilo tu — kwa furaha!

Jumatatu, 22 Septemba

Kimekaa! Safari hii tupa kidogo, kisha nikasugua mfereji kwa kipande cha waya wa zamani. Weka, piga, sikiliza. Sugua tena. Gundi tone moja tu. Kile cha plastiki nimekitia motoni. Nikaupiga waya mnene ukiwa wazi — sauti nzito, ndefu, safi. Sufuria zikatetemeka!

Nikaburuta spika hadi chumbani kwa Silvano, nikakaa kitandani kwake. Nikampigia wimbo wake mwenyewe, ule wa kuingizia maharusi. Polepole, bila kosa. Akasema basi. Nikarudia. Akasema, Mama Stella, nimesema basi! Nikaongeza sauti. Akalia. Vidole vya mkono wake mzima vikawa vinabonyeza shuka. Nikapiga mpaka umeme ukakatika.

Nilijisikia vizuri. Hapa hasomi mtu, niseme kweli: vizuri sana.

Ijumaa, 26 Septemba

Jonathan kaja toka Masasi na mfuko mtupu wa gitaa. Ni mpwa wa Silvano, fundi simu, na besi anajua kupiga. Shikamoo mama. Marahaba. Mjomba kampigia simu, aje alichukue gitaa. Alphonce keshakubali. Kesho kuna harusi kubwa na mimi simo.

Nikaingia chumbani. Silvano kaegemea mito, nusu ya mdomo inatabasamu. Gitaa ni langu, akasema. Umelitengeneza vizuri. Asante.

Hiyo asante!

Sikupiga kelele. Nikalegeza nyuzi, nikagonga kidaraja kwa mpini wa kisu, kikatoka. Nyuzi zikalala shingoni kama nywele zilizoloa. Nikampa Jonathan. Gitaa la mjomba wako hilo. Mfupa ni wangu.

— Mama, halitalia hivi.

— Najua.

Akauliza cha zamani kiko wapi. Nikamwonyesha jivu. Akampigia Alphonce. Nilimsikia Alphonce mpaka nilipokuwa: mnyang'anye huyo mwanamke!

Nikatoa begi chini ya kitanda. Nikatia shuka, nepi, dawa za presha za Silvano, shati lake la bendi. Begi nikaliweka miguuni pa Jonathan. Umefuata gitaa, nikamwambia, mchukue na mwenyewe. Akacheka. Kisha akaona nimefunga zipu.

Sasa niko jikoni, mlango nimeutia komeo. Mfupa nimeushika. Silvano alianza kwa matusi. Halafu akaita Mama Stella, Mama Stella. Sasa anaita Emilia. Jina langu hilo hajalitamka tangu Stella azaliwe.

Nje nasikia injini ya bajaji, Jonathan kaiita. Yeye na dereva wanaanza kumwinua Silvano — vibaya, nasikia kwa jinsi anavyolia. Jonathan kaja mlangoni. Anagonga taratibu. Mama, samahani. Anashikwa wapi ili asiumie?

Najua anaposhikwa.

Anagonga tena. Sijajibu.