Ukumbi Tuliopiga Lipu Kila Mwaka

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Ukumbini.
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana mama alitufunza kuwa hata uliyegombana naye husalimiwa. Hujambo? Wifi yangu hajambo, na watoto? Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua, na siku hizi hali akashiba.

Ukumbi wameuvunja. Najua umeshapata habari, lakini nilitaka uipate kwa mtu aliyekuwepo.

Sijui wewe unakumbuka nini. Zamani mji huu haukuwa na pa kuchezea muziki wala kuonyeshea sinema, basi watu wakajenga wenyewe, baba akiwa fundi wao. Mchanga waliuzoa ufukweni, bure, na baba ndiye aliyesema unafaa. Haukufaa. Chumvi ikala lipu, kuta zikawa zinabambuka kila mwaka. Wakamwita Mzee Chumvi, naye akacheka nao.

Lakini kwa kosa lile, kila mwaka kabla ya maonyesho kuanza, mji mzima ulikutana kupiga lipu upya: muuza samaki, mwalimu mkuu, kinyozi, kina mama na ndoo zao. Jioni bendi inapiga, watu wanacheza na chokaa nyweleni. Mimi niliposwa siku kama hiyo. Wewe ulijifunza kutembea mle ndani, umeshika miguu ya viti. Baba hakukosa hata mwaka mmoja mpaka alipokufa, na ujira hakutaka.

Sasa diwani akakuomba maoni kama ukumbi ubomolewe, mhandisi wetu, nawe ukatuma video. Waliionyesha mle mle, kwenye pazia la sinema. Ukasema kuta zile hata mbuzi akijikuna zitaanguka, na kwamba aliyezijenga alikuwa fundi wa kubahatisha. Watu wakaangua kicheko. Mama alikuwa safu ya mbele, kavaa nguo yake nzuri, maana aliambiwa mwanawe atazungumza.

Huenda kuhusu kuta ulisema kweli. Sibishani na vyeti vyako. Ila ungesema ni baba yako. Hilo tu, mdogo wangu.

Umebaki ukuta mmoja, wa nyuma ya jukwaa. Tingatinga limeharibika, wanangoja kipuri. Jana nilimkosa mama nyumbani, nikamkuta pale na magoti yake mabovu, ana ndoo na mwiko wa baba, anaupiga lipu. Nikamwambia, mama, huu kesho kutwa wanaubomoa.

"Najua," akasema. "Lete maji."

Nikaleta. Tulimaliza jua likiwa linazama, mikono bado inaniwasha ninapoandika.

Shangazi anakusalimu. Kinyozi, aliyecheka kuliko wote siku ile, naye anakusalimu. Na mama kasema nikusalimie, Mungu akulinde ugenini na akuzidishie kazi ya mikono yako. Ingekuwa shauri langu nisingeyaandika hayo, lakini salamu ni zake, sina haki ya kuzizuia.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye bado, kwa taabu.