Jibini ya Mzee Sabato kwenye barafu

Nunzia shoga, nimechoka mpaka mifupa.

Baba yake mchumba wangu Donato, Mzee Sabato, leo kaja kwenye magofu ya mahekalu ninakofanyia kazi. Kazaliwa jirani na yale mahekalu, hajawahi kukanyaga. Kachagua leo, aje anisikie mimi, mkwewe mtarajiwa, nikiongoza wageni.

Na mimi, kwa joto hili, jibini aliyowaletea wageni nimeiweka kwenye barafu. Jibini ya maziwa ya nyati wa kufugwa, aliyoikanda mwenyewe alfajiri. Unajua baridi inavyoiua ladha. Kwenye barafu, Nunzia.

Nafungua boksi la barafu, kumbe kasimama nyuma yangu. Hakufoka. Bora angefoka. Kaibonyeza kwa kidole, kaziangalia nguzo, akasema, "Mwanangu, haya mawe yako yapo juani miaka elfu mbili na ushee. Jibini yangu ndiyo imeshindwa kungoja mchana?"

Mbele ya wageni wote.

Kaibeba, kaondoka nayo. Wageni wanatafuna mkate mtupu, mimi nimejikalia kwenye ngazi za hekalu.

Donato kanipigia sasa hivi. Nikashusha pumzi, nikidhani mchumba wangu kapiga kunitetea.

Kaniuliza taratibu, kama mtu aliyefiwa: "Ni kweli uliiweka kwenye barafu?"