Taa ya Njano

Jumanne, 17 Juni 2025

Nimekataa kuruka leo. Basi! Acha niandike hapa kabla hawajanigeuzia maneno.

Ilikuwa uwanja mdogo wa ndege wa Robanda, porini. Watalii wameshafunga mikanda, Mogesi, mlinzi wa uwanja, ameshazungusha Land Cruiser ya uwanja kufukuza nyumbu kwenye njia ya kurukia. Nawasha injini — taa ya njano! Ndani ya oili kuna sumaku. Injini ikianza kujitafuna, vipande vya chuma vinanasa pale, taa inawaka. Na injini yenyewe tunayo moja tu. Nikazima. Nikawaomba watu washuke. Mtalii mmoja akauliza kama hakuna rubani mwingine. Mwingine! Kama anarudisha soda isiyo baridi.

Bosi kwenye simu kutoka Mwanza: usiandike kitu kwenye kitabu cha ndege, ilete nyumbani kwanza, utatuambia kwa mdomo. Ndiyo desturi yao. Ukiandika ukiwa porini, ndege inalala porini mpaka fundi aje. Ukisema kwa mdomo, ndege haijawahi kuumwa.

Nimeandika. Kwa herufi kubwa.

Jumatano, 18 Juni

Fundi Venant kaja kwa gari, kanuna njia nzima nadhani. Kaichomoa sumaku. Vumbi la chuma, na kipande kimoja chembamba chenye ncha — nimekiona kwa macho yangu. Akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, akawasha. Taa kimya. Eti uchakavu wa kawaida. Na kile kipande je? Ah, Shani, na wewe! Kasaini kitabuni kwamba ndege ni nzima.

Ndiyo matibabu yetu hayo. Mgonjwa akikohoa, mfute mdomo.

Bosi anasema nipumzike kidogo nyumbani. Ndege anaichukua Kapteni Osward, huyo huyo aliyenifundisha kazi, anayeniita binti yangu. Nimempigia kumwonya. Akacheka. Eti hata yeye taa hiyo ilimwakia wiki iliyopita, akaivumilia, ikazima yenyewe. Halafu Jumatatu akanikabidhi ndege hiyo hiyo — iko poa, binti yangu! Taa hakuitaja. Nimekata simu. Sijawahi kumchukia mtu niliyemheshimu hivi.

Alhamisi, 19 Juni

Niko Mugumu kwa mama, dukani kwake. Ndege imepita juu ya soko asubuhi. Inanguruma vizuri tu, haina hata haya. Muuza vitenge wa jirani: si ndiyo ile mbovu? Wakaangua kicheko. Rubani anayeogopa ndege! Mama hakucheka, alikunja vitambaa tu. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 20 Juni

Imepita tena. Salama tena. Nimeanza kujiuliza. Labda kipande kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiona. Labda ni woga kweli. Naichukia hiyo labda!

Halafu jioni, mama anapanga nguo kwenye begi. Kesho anaruka na Osward. Kliniki ya macho, Mwanza. Ana mtoto wa jicho, limebaki moja linaloona. Na kiti cha bure cha ndugu wa wafanyakazi nilimwombea mwenyewe mwezi uliopita. Mimi mwenyewe!

Nimemwambia twende kwa basi. Hataki, basi linamvunja mgongo. Na Kapteni Osward ana mvi, amerusha ndege kabla mimi sijazaliwa. Nikamweleza yote, sumaku, oili, chuma. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: mwanangu, usiwaharibie wenzako kazi kwa sababu wewe wamekusimamisha.

Astaghfirullah. Kumbe ndivyo anavyoniona.

Jumamosi, 21 Juni

Robanda. Naandika ndani ya gari, daftari juu ya goti.

Mama nimemleta kwa sababu nisingemleta angekuja kwa bodaboda. Osward kampokea kwa mbwembwe zote, kamkalisha mbele kabisa, kiti cha pembeni yake. Mogesi hayupo. Tembo wameingia kwenye mahindi yake, hajatoka shambani. Na nyumbu wamejaa njiani. Basi Osward akanirushia ufunguo mbele ya watalii: leo wewe kapteni wa Land Cruiser, tufukuzie nyumbu! Wakacheka wote. Mama naye akatabasamu.

Nimefukuza. Nimefukuza vizuri, hakubaki hata ndama. Ndege imewasha injini, imejipanga mwisho wa njia.

Nimesimamisha gari katikati ya njia, mbele yake. Nimezima.

Osward anamulika taa. Redioni: Shani, toa gari. Shani! Sasa Kiingereza. Sasa matusi. Atukane. Bosi anapiga, sipokei. Kazi imekwisha, najua, na leseni huenda ikafuata. Na sina uhakika na kile kipande, wallahi sina. Lakini uhakika kwamba injini ni nzima ninao? Sina pia. Na aliyekaa mle ndani ni mama yangu. Siondoki.

Nyumbu wanarudi taratibu pembeni, wanakula nyasi.

Mama anapiga. Nimepokea, nimeweka spika, simu iko juu ya dashibodi. Anapaza sauti kushinda injini: Shani, unaniaibisha mbele za watu, toa gari! Nimemwambia nitatoa, mama, ukishuka.

Hajakata. Nausikia mngurumo mara mbili, dirishani na kwenye simu.

Sasa anaongea, lakini si na mimi. Kapteni, anauliza, hiyo taa ya njano iliyowaka ni ya nini?

Osward anazima injini. Mngurumo unakatika, dirishani na kwenye simu.