Sababu ya Mke Kuondoka

Ifakara, 9 Juni 1996

Mpenzi mke wangu Balbina,

Wazee hapo Mofu waambie nawaamkia, shikamoo. Kuku wako wanataga vizuri.

Ile filamu ya vijana wa parokia ilikwama. Niliandika kwamba mke anafunga mzigo na kurudi kwao, basi. Frida, anayeigiza mke, akagoma.

"Kaka Adolf, naondoka kwa sababu gani?"

"Imeandikwa uondoke."

"Mwanamke hafungi mzigo kwa sababu imeandikwa!"

Mzee Evarist, anayeigiza baba mkwe, akadakia: "Si useme mumewe alimwambia mbele ya wageni kwamba wali wake ni chakula cha bata?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe wote walijua nilivyokuambia siku ile, nami kila siku nawaambia umekwenda kusaidia kuvuna mpunga!

Nikaandika hivyo hivyo. Frida aliigiza vizuri mno, nami niliyeshika kamera nikalia, picha ikatetemeka. Tulirudia mara tatu.

Nilikukosea, mke wangu. Nisamehe.

Sasa Frida anauliza kama huyo mke anarudi. Nimemwambia ukurasa huo siwezi kuuandika mimi.

Mumeo anayekungoja,
Adolf