Kisu cha Kumenyea Ndizi

Jumanne, Rwamishenye

Na nilijua kabisa nisikishike kile kisu.

Lakini mama mkwe amekuja leo kutoka Kagoma na mkungu wake, akautua mbele yangu jikoni. Akasema, "Mwanangu, au huku mjini ndizi zinajimenya zenyewe?" Jirani aliyekuja kumsalimia akacheka. Mkamwana atakaaje tu, mkwe wake anamenya? Nikampa mama mwanangu Koku ampakate, nikachukua kisu.

Ndizi ya pili tu, kikateleza kidoleni.

Kidonda chenyewe kidogo. Lakini damu haikukoma. Nilikibana kwa khanga ikalowa, nikabana tena. Ndipo nikamwambia mama yote: kwamba ini langu linaumwa siku nyingi, bandama imevimba, na chembe za kugandisha damu zimebaki chache. Dawa nameza. Chembe zitapanda lini, daktari hakusema.

Mama alikishika kidole changu akakibana mpaka damu ikakoma. Kisha akamenya zote yeye.

Nimechoka kuogopa kisu, kuogopa mswaki, hata meno mapya ya Koku akinyonya. Nyumba ni yangu, na kila kitu ndani yake kinaweza kunitoa damu. Mungu anipe tu nimuone mwanangu akianza shule, halafu...

Tangu tule, kisu hakionekani. Mama amekificha chini ya godoro lake. Nimekiona nilipokuwa namtandikia.

Nimekiacha hapo hapo.